Shangazi, mume wangu hajali watoto, anakataa kulipia bima ya elimu

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Makorora hapa Tanga. Mume wangu ni dereva wa Fuso la tajiri mmoja, anapakia machungwa Muheza anapeleka Dar. Mwaka jana niliwakatia watoto bima ya elimu, 95,000 kwa mwezi kwa miaka kumi, yeye nikamwambia baadae kidogo. Nimelipa miezi mitano nikakwama maana biashara yangu ya vitenge imeyumba. Nikamwomba aendeleze akakataa kabisa, anasema kama ni bima tuanze na ya matibabu. Huyo kweli ana malengo na watoto? Na dada yake anamjaza maneno, tangu mume wangu apate ajali Segera na gari hilo la tajiri akavunjika mguu na kulala hospitali ya Bombo siku tisa, huyo wifi amekuwa ndio mwenye nyumba, kisa kicheni chake alichouza. Shoga yangu aliyeniuzia bima ananiambia wanaume wa hivi ni wa kukimbiwa. Na gari lina bima lakini hatujaona hata mia. Nimechoka, nafikiria kurudi kwetu Pangani. Mama wa Watatu.*

Marahaba mwanangu. Pole kwa biashara na pole kwa mguu wa mzee. Sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikawa natafuta ulivyoviruka. Umeandika mume alilala Bombo siku tisa, hukuandika nani alilipa. Alafu mbele huko kikakuponyoka, "kicheni chake alichouza". Mwanangu, cheni ya dhahabu ukiiita kicheni haipungui uzito. Huyo wifi alikivua shingoni akaenda nacho kwa sonara ili kaka yake atibiwe, na wewe mwezi uleule, kama nahesabu sawa, ulikuwa na bima nyumbani, ila bima ya kitu ambacho hakijatokea. Mimi leo niko upande wa mumeo na wa wifi yako, nakwambia mapema usije ukasoma mpaka chini ukadhani nitageuka.

Na hilo "nikamwambia baadae kidogo", kidogo gani? Maana ninavyoona mimi alijua siku hela ilipokosekana. Mkataba wa miaka kumi unausaini peke yako kwenye kibaraza cha shoga yako, alafu unamwita mwenzio bahili kwa kukataa kubeba mzigo ambao hakuitwa wakati wa kuufunga!

Kuhusu huyo shoga, simtukani, anatafuta riziki yake. Ila ujue wakala wa bima analipwa kamisheni, na kwenye hizi bima za miaka mingi sehemu kubwa ya kamisheni huja mwanzoni, kwahiyo yeye chake ameshapata kwenye hiyo miezi yako mitano. Mtu wa namna hiyo anapokushauri kuhusu ndoa yako, uliza kwanza kama anaongea kama shoga au kama muuzaji.

Sasa hiyo bima yenyewe. Bima ya elimu ni akiba iliyofungwa kamba pamoja na bima ya maisha, mzazi akifa au kupata ulemavu mkubwa kampuni inaendeleza au inalipa kadiri mkataba unavyosema, akiwa hai mnasubiri miaka iishe. Sio kitu kibaya, mwalimu anayekatwa kwenye mshahara kila mwezi inamfaa sana. Lakini nyinyi mnaishi kwa machungwa na vitenge. Machungwa yana msimu, kuna miezi Fuso linapiga safari mpaka dereva anasahau kitanda chake na kuna miezi limepaki, na kampuni ya bima haijui msimu, inajua tarehe. Ukikosa kulipa wanakupa muda kidogo, mara nyingi mwezi, alafu bima inalala. Na ukivunja mwaka wa kwanza mara nyingi hurudishiwi kitu au unarudishiwa kiduchu. 95,000 mara tano ni 475,000 mwanangu. Nenda ofisini kwenyewe, kwa kampuni, sio kwa shoga, uulize kama inaweza kufufuliwa, kama mchango unaweza kushushwa, na kama kuna chochote umebakiza. Wakikujibu vibaya, Mamlaka ya Bima, hawa TIRA, ndio wenye kazi ya kuwasimamia, na malalamiko wanapokea.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Nyumba yenu pabovu pake ni wapi? Ni ule mguu. Mwanaume mmoja, mguu mmoja wa klachi, watu watano wanakula. Ulipovunjika yalikatika mambo mawili kwa mpigo, hela ya hospitali ikatoka na hela ya safari ikaacha kuingia. Mumeo kaliona hilo akiwa kitandani anaangalia dari. Ndio maana anakwambia tuanze na matibabu, na wewe umesikia "sijali watoto".

Bima ya matibabu inabeba familia. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa utaratibu wake wa siku zote mwanachama anaingiza mwenza na wategemezi mpaka wanne, jumla watu sita, nyinyi mko watano mnaenea na mama mkwe mmoja. CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, ilipoanza ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima, ulikuwa unaanzia zahanati unapanda kwa rufaa mpaka hospitali ya mkoa. Na tangu 2023 kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, kwahiyo viwango na vifurushi kavisikie ofisini kwao, usichukue vya kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukienda kampuni binafsi uliza muda wa kusubiri, maana nyingi hazilipi uzazi wala ugonjwa uliokuwa nao kabla mpaka miezi kadhaa ipite. Na uliza kadi inapokelewa hospitali ipi hapa Tanga, kadi inayofanya kazi Dar tu itakusaidia nini saa nane ya usiku?

Hili la bima ya gari ndilo lililoninyima usingizi, nataka ulisome taratibu. Bima ya gari, kama ni ile ndogo ya thadi pati, inamlipa mtu wa nje aliyegongwa. Dereva mwenyewe haimhusu, ndio maana hamjaona hata mia. Lakini mumeo hakuwa anaendesha gari lake, alikuwa kazini kwa tajiri! Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa sheria ya 2008, mwajiri ndiye anayechangia na mfanyakazi hakatwi hata senti. Mtu akiumia kazini mfuko unagharamia matibabu, na unamlipa sehemu ya kipato chake siku ambazo hawezi kufanya kazi. Nyinyi mmeuza cheni na haki yenu inawezekana imekaa tu. Tajiri atasema huyu ni deiwaka, hana mkataba. Mwache aseme, nyinyi nendeni ofisi ya kazi ya mkoa na karatasi za Bombo, ripoti ya polisi ya ajali, na chochote kinachoonyesha alikuwa anamfanyia kazi, hata meseji za simu za "pakia leo". Msikae, madai haya yana muda wake.

Hayo yakishakaa sawa ndio mfikirie bima ya maisha ya kawaida, ile isiyo na akiba ndani, huwa nafuu sana kuliko ya elimu, na kama mumeo wasiwasi wake ni riba siku hizi takaful, bima ya Kiislamu isiyo na riba, ipo nchini, muulizeni sheikh wenu. Ila form jazeni ukweli. Mimi nina jirani, mumewe alikuwa anahudhuria kliniki ya sukari, kwenye form wakala akamwambia andika "hapana" mambo yaende haraka. Mzee alipofariki kampuni ikavuta faili la kliniki, mjane akarudi mikono mitupu na eda hajamaliza. Nilikuwa nae siku hiyo, karatasi ya kukataliwa aliikunja mara nne akaitia kwenye mkunjo wa kanga, hakusema neno.

Ndoa za siku hizi jamani mnaniumiza. Mke ana bima yake, mume ana mkopo wake, kila mmoja simu ina namba ya siri, mnakuja kukutana wodini mnaulizana "kwani wewe una kiasi gani?" Zamani bibi zetu hawakujua neno bima lakini hela ya ndani walijua iko kwenye kasha gani, mume akienda baharini mke anajua, akirudi na ngalawa tupu mke anajua. Sasa hivi mtu anamficha mumewe mkataba, alafu anamwonyesha shoga risiti. Na akikwama anataka kwenda kwao! Pangani utaenda kuwaambia nini wazee, kwamba umemwacha mume kwa sababu alitaka mpate matibabu?

Kaa kwako. Leo akirudi usimpokee na barua ya madai, mpe chakula, alafu mletee ule mkataba wote mezani, kurasa zote, na umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea kusaini bila yeye. Kesho asubuhi mwende wote ofisi ya kazi, mguu ukimsumbua mpande bajaji. Na hela ya kwanza ya fidia ikitoka, kabla ya vitenge na kabla ya bima yoyote, mchukue wifi yako mwende kwa sonara akachague cheni, achague mwenyewe.