Homa baada ya kemotherapia

Dada yangu wa Shela, umeuliza kama homa iliyompanda mama usiku, siku ya 10 baada ya kemotherapia, yaani dawa za kutibu saratani, yaweza kungoja mashua ya asubuhi ya kwenda hospitali mjini Lamu. Haiwezi. Dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14, na kipimajoto kikifika nyuzi 38 maambukizi yaweza kuenea mwilini kwa saa chache, kwa hivyo wekeaneni ahadi na nahodha mapema awavushe hata usiku, wala msimpe dawa ya kutuliza homa kabla ya kumpima, kwani huificha. Chakula msimlazimishe, uji mwepesi, kidogo kidogo, watosha. Nawe ulale: mimi, muuguzi mzima, nilipomuuguza mama yangu nilijisahau hadi nikaanguka jikoni.