Ford ilinusurikaje 2009, GM na Chrysler zikaishia mahakamani?

Swali: Mwaka 2006 Ford ilipata hasara ya dola bilioni 12 na ushei, kubwa kuliko ya GM (General Motors) mwaka huo. Mbona waliofilisika 2009 ni GM na Chrysler? Ford ilikuwa na magari bora? Na ile hasara ya GM ya dola bilioni 38.7 mwaka 2007 ilitoka wapi?

Jibu: Tuanze na hiyo bilioni 38.7, maana inapoteza wengi. Sehemu kubwa yake haikutoka benki. GM ilikuwa imeandika kwenye mizania, kama mali, nafuu ya kodi ambayo ingeipata siku itakaporudi kwenye faida. Faida ilipokuwa haionekani, kanuni za uhasibu zikailazimisha kuifuta. Ukitaka kujua nani anakaribia kufa, angalia fedha taslimu.

Biashara ya magari ina mtego wake hapo. Kiwanda hulipwa gari linapokwenda kwa wakala, lakini vipuri hulipiwa wiki kadhaa baadaye. Tuseme unatoa magari 1,000 kwa mwezi, kila moja dola 20,000, vipuri vyake dola 15,000, na vipuri unavilipia mwezi unaofuata. Mwezi wa kawaida zinaingia milioni 20, zinatoka 15. Mauzo yakishuka ghafla hadi magari 600, zinaingia milioni 12, huku ankara ya mwezi uliopita ni ileile milioni 15. Kitabuni una ziada ya milioni 3; benki una pengo la milioni 3, na mishahara bado.

Sasa pima hilo kwa soko la Marekani lililoanguka kutoka magari takriban milioni 16 mwaka 2007 hadi milioni 10.4 mwaka 2009. Magari hayakuwa tofauti kubwa: zote tatu zilitegemea pikapu na magari makubwa, na petroli ilipopita dola 4 kwa galoni katikati ya 2008 zote ziliumia. Kilichozitenganisha ni tarehe ya kukopa. Mwishoni mwa 2006 Ford, chini ya mkurugenzi mkuu Alan Mulally aliyetoka Boeing, ilichukua takriban dola bilioni 23.6 na kuweka rehani karibu kila ilichonacho: viwanda, hataza, hata nembo yake ya bluu. Wengi waliona ni kutapatapa. Miaka miwili baadaye mabenki yalikuwa yamefunga mikono, na GM na Chrysler zikabaki kuiomba serikali; Desemba 2008 zikaahidiwa bilioni 13.4 na bilioni 4. Hazikutosha. Chrysler, ambayo mmiliki wake Daimler wa Ujerumani alikuwa ameshaiachia kampuni ya uwekezaji ya Cerberus 2007, iliingia ufilisi 30 Aprili 2009, GM 1 Juni.

Usiipambe Ford kupita kiasi, lakini. Nayo ilipata mkopo wa serikali wa dola bilioni 5.9 mwaka huohuo, wa kuboresha viwanda. Na wakati GM ilitoka mahakamani ndani ya siku 40 ikiwa imeacha nyuma sehemu kubwa ya madeni, Ford iliendelea kubeba mzigo mkubwa wa madeni yake. Nembo ilitoka rehani Mei 2012.