Maswali yenu ya muvi: unga wa kwenye skrini na unga wa mtaani kwetu

Toleo lililopita niliomba mniandikie kuhusu muvi za biashara ya unga, zile za mapapa na mabunduki, mniambie mnaona zinasema ukweli au zinapamba tu. Meseji zimekuja toka Tunduma mpaka Mufindi. Nimechagua sita, zingine nimezifupisha, na majina nimeyaacha kwasababu mengi ni mambo ya ndani ya nyumba za watu.

Dada habari za kazi. Mi nina saluni ya kiume hapa Mafiati, ukutani nimebandika picha kubwa ya Tony Montana wa Scarface ameshika bunduki, wateja wanaipenda sana. Juzi mzee mmoja akaniambia niitoe inaharibu watoto. Mi naona ile muvi inafundisha, si mwishoni anakufa? (Kinyozi, Mafiati, Mbeya)

Salama kaka. Hiyo hoja ya "mwishoni anakufa" ndo utetezi wa muvi zote za aina hiyo na mi nimeisikia miaka mingi, ila hebu angalia anavyokufa. Scarface ya 1983, Al Pacino yuko kwenye jumba lake la Miami, jeshi zima la adui linamiminika, anapigwa risasi na bado amesimama anawatukana, mpaka mmoja amjie kwa nyuma ndo anadondoka kwenye maji. Kijana aliyekaa kwenye kibanda umiza pale haoni adhabu, anaona stelingi aliyekufa kidume, na usiku huo huo anaenda kulala anataka kuwa yeye.

Alafu kuna kile kipande cha New York cha kwenye gari. Tony ametumwa kumlipua mtu, anagundua mle kwenye gari la huyo mtu kuna mke na watoto, anakataa na anamuua mwenzake aliyetaka kubonyeza. Pale wote tunamsamehe. Tunasema kumbe ana roho. Lakini muvi ina karibu masaa matatu, unga umeuzwa wa kutosha kujaza maghala, na hatukai hata siku moja kwenye nyumba ya mtu aliyeununua tukaona watoto wake wanakula nini. Tunaowaona wakivuta ni bosi mwenyewe, mkewe na washkaji zake, tena kwenye masofa ya bei mbaya. Ndo hesabu ambayo muvi haikuipiga, na haikuipiga kwasababu ingetuharibia stelingi.

Kuhusu picha, ukuta ni wako, ila ukiniuliza mimi ningeitoa. Wewe umeiona muvi mpaka mwisho, yule dogo wa darasa la sita anayesubiri kunyolewa hajaiona, na picha haina mwisho, ina suti na bunduki tu.

Sista mambo vipi. Mi ni utingo wa lori, tunapiga Dar mpaka Tunduma tunavuka Zambia. Kwenye sizoni za Escobar naona ndege, mabomu, hela zinafukiwa ardhini. Huku barabarani naona vijana wamesinzia huku wamesimama, wanaomba mia mbili. Hivi ni biashara ile ile kweli? (Utingo, Tunduma)

Poa kaka. Ni ile ile, ila mzigo tofauti. Wa Pablo Escobar, yule bosi mkubwa wa unga, ulikuwa kokeini ya Kolombia, huu unaopita kwetu zaidi ni heroini inayotoka Afghanistan, inashuka mpaka pwani za Iran na Pakistan, inapakiwa kwenye majahazi inakuja pwani ya Afrika Mashariki, halafu inatafuta njia kwenda kusini na Ulaya. Na mzigo hauwezi kupita sehemu bila kudondosha. Watu wa kati wengi hawalipwi hela, wanakatiwa unga, na wakikatiwa unga lazima wauuze hapo hapo walipo kwa kete, ndo maana kila njia ya kupitishia unga ina mateja wake pembeni. Hao vijana unaowaona ni sehemu ya biashara ile ile, wako mwisho kabisa wa mnyororo, na hela yao ya mia mbili mia mbili ndo inapanda mpaka juu.

Na hiyo mia mbili, usidhani anatafutia raha. Raha iliisha zamani. Alosto ya heroini, yale mateso ya kuukosa unga, inaanza masaa sita mpaka kumi na mbili baada ya kete ya mwisho: pua inachuruzika, miayo haiishi, malaika wanasimama mwili mzima, mifupa inauma, tumbo linakatika anaharisha. Kila asubuhi anaamka na hiyo kitu inamsubiri, kwahiyo siku yake nzima ni kuikimbia.

Nirudi kwenye sizoni za Escobar, hasa Narcos (ilianza 2015). Kuna ile ndege ya Avianca iliyolipuliwa tarehe 27 Novemba 1989, kweli ilitokea, walikufa watu 107 waliokuwa ndani na watatu waliokuwa chini ardhini. Watu wa Escobar walikuwa wanamtafuta César Gaviria, mgombea urais, na hakupanda hiyo ndege, mwaka uliofuata akawa rais. Sizoni imejitahidi kutuonyesha yule kijana aliyebebeshwa bomu bila kujua, ana mke na mtoto mchanga, na mi naipongeza kwa hilo. Ila watu 110! Baada ya hapo tunarudi kwa Pablo, Pablo na mama yake, Pablo na watoto wake, Pablo kanyong'onyea kwenye kiti, na mpaka anauawa Desemba 1993 tumeshamjua kuliko tunavyomjua jirani yetu. Leo ukipita kwenye mitumba ya Mwanjelwa tisheti yenye sura yake unaipata. Ya abiria hata mmoja wa ile ndege huwezi kuipata, na sio kosa la muuza mtumba.

Mwanangu hujambo. Mimi ni mama wa Uyole. Nina kijana wangu ameingia kwenye unga, masufuria ameuza, mtungi wa gesi ameuza, hata sare za mdogo wake. Kaka yake anasema ameona kwenye muvi mtu anafungiwa chumbani siku tatu anatapika anatoka jasho halafu anapona, anataka tufanye hivyo hivyo. Unanishauri nini? (Mama, Uyole)

Shikamoo mama. Pole sana, na asante kwa kuniamini na jambo zito kama hili.

Mama naomba msimfungie. Hicho kipande kipo kwenye muvi nyingi na kimedanganya familia nyingi, kwasababu kinamalizika pale mtu anapofungua pazia asubuhi jua linaingia. Ukweli ni kwamba siku tatu ndo alosto inakuwa kwenye kilele, akiharisha na kutapika bila kupata maji inaweza kumuua humo humo ndani. Na akivuka salama hatari ndo inakuwa kubwa zaidi, kwasababu mwili umepoteza ule uzoefu wa unga lakini hamu bado ipo. Akitoka akakutana na wenzake akapiga kiasi alichokuwa anapiga zamani, anaacha kupumua. Wengi wanakufa hivyo, wametoka soba hausi (nyumba za kuachia unga) au wametoka jela, familia inasema "mbona alikuwa ameshaacha".

Hapa Mbeya kuna matibabu mama, hayako mbali na wewe. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ina kliniki ya methadoni, ni bure. Huduma hii kwa nchi yetu ilianzia Muhimbili mwaka 2011. Methadoni ni dawa ya maji, anapewa kwenye kikombe kidogo mbele ya mhudumu, anakunywa, anaongezewa maji anakunywa tena, anaongeleshwa kidogo ili waone amemeza. Alosto inatulia kwa siku nzima. Kesho anarudi tena. Keshokutwa tena. Inaweza kuchukua mwaka, miaka, na hapo hapo anapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini, kifua kikuu. Nenda naye, au kama amegoma nenda wewe kwanza ukaulize, watakusikiliza.

Mtu kupanga foleni kila asubuhi kunywa kikombe cha dawa, hakuna muvi itakayokuonyesha hicho kwa masaa mawili, na mimi naona ni moja ya mambo ya kishujaa sana yanayofanyika mjini kwetu.

Kuna sizoni moja tu ambayo naona imeielewa nyumba kama yako, inaitwa The Wire, ya mwaka 2002 mpaka 2008, stori ya mji wa Baltimore kule Marekani, imetengenezwa na David Simon aliyekuwa mwandishi wa habari wa mji huo huo. Mle kuna teja anaitwa Bubbles. Ameacha, lakini dada yake amempa chumba cha chini tu, na mlango wa kupandia juu anaufunga, kwasababu ameibiwa mara nyingi na hawezi tena kuamini. Na wala sizoni haimfanyi yule dada kuwa mtu mbaya. Inamwacha awe na hasira yake na uchovu wake. Kuja kufika kipande cha mwisho, Bubbles anapanda zile ngazi anakaa mezani na dada yake na mtoto, wanakula. Basi. Hakuna risasi hakuna muziki mkubwa na mimi nililia. Mama, nakwambia hivi ili ujue kuficha sufuria chumbani kwako sio kumkosea upendo mwanao. Unaweza kumpeleka kliniki asubuhi na jioni ukafunga kabati, vyote viwili kwa pamoja.

Kamwene dada. Mbona kwenye muvi za unga wanawake ni mapambo tu, tumevaa nguo fupi tunacheza pembeni ya bosi? Hakuna inayotuonyesha vizuri? (Msichana, Mufindi)

Kamwene mdogo wangu. Ipo, na wewe wa Mufindi uliyezungukwa na mashamba ya chai utaielewa kuliko wengi. Inaitwa Maria Full of Grace, ya 2004. Maria ana miaka 17, yuko Kolombia, kazi yake ni kutoa miiba kwenye maua ya waridi yanayouzwa nje, msimamizi anambana hata kwenda chooni. Ana mimba, nyumbani wanategemea mshahara wake. Anaacha kazi, anapewa ofa ya kubeba. Wanamfundisha kumeza na zabibu kubwa nzima nzima kwanza, halafu anameza kete 62 zilizofungwa kwenye mpira, anapanda ndege kwenda New York. Mwenzake Lucy, ambaye alishabeba kabla, kete inapasuka tumboni anakufa, na wenye mzigo wanampasua wachukue chao. Hatuonyeshwi anapasuliwa, tunaona damu iliyobaki bafuni. Bosi mkubwa hatumjui. Nimeipenda kwasababu hiyo, yani mara moja tumekaa na punda, yule mbebaji, na mwenye mzigo ndo ameachwa nje ya picha. Catalina Sandino Moreno aliyeigiza Maria aliingizwa kugombea Oscar.

Na sio mambo ya Kolombia tu. Mwaka 2013 Padri John Wotherspoon aliyekuwa anahudumia wafungwa Hong Kong alianza kusambaza barua za wafungwa wa kubeba unga, na Watanzania wamo, wanawaambia wenzao wa nyumbani wasikubali safari kama hiyo. China bara sheria ni kali zaidi, kuanzia gramu 50 za heroini mtu anaweza kuhukumiwa kifo. Kwahiyo akija mtu mzuri mzuri anakwambia atakulipia paspoti, tiketi na hoteli na wewe kazi yako ni kupeleka begi, jua umeshapimwa ukaonekana una shida ya hela na huna wa kukusemea.

Kwenye Pulp Fiction dada kazidisha unga wakamchoma sindano ya adrenalini kwenye moyo akaruka juu akapona. Hiyo kitu ipo? (Mwanafunzi, Iringa mjini)

Haipo, na usimwambie mtu aijaribu. Heroini ikizidi inazima kupumua, na dawa yake ni naloksoni, inapigwa kwenye msuli, kwenye mshipa au puani, sio kwenye moyo. Ukimkuta mtu kazidisha, midomo imebadilika rangi, anakoroma au kimya, mwite kwa nguvu, kama hapumui na unajua kumpulizia pumzi mdomoni fanya hivyo, kama anapumua mlaze ubavu asipaliwe, na mkimbize hospitali. Usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa.

Dada ndaga fijo kwa kolamu. Mimi naandika skripti, nipo Tukuyu. Nataka kutengeneza muvi fupi ya unga lakini sina hela ya magari wala mabunduki wala jumba. Nianzie wapi? (Mwandishi, Tukuyu)

Bora huna, maana ungekuwa nayo ungetengeneza ile ile ya wote. Anza na nyumba moja. Mama anahesabu vyombo asubuhi. Mdogo mtu hataki kwenda shule maana kaulizwa "yule teja ni kaka yako?" Baba anakaa kibarazani anajifanya haoni. Kila mtu ana uongo wake anaowaambia majirani, na huo ndo utakupa mazungumzo.

Tazama Traffic ya 2000, Michael Douglas ni jaji aliyeteuliwa kuongoza vita dhidi ya madawa Marekani nzima, kumbe binti yake mwenyewe anatumia. Mwishoni anaacha hotuba katikati, na tunamkuta yeye na mkewe wamemsindikiza binti yao kwenye kikao cha watu wanaojitahidi kuacha, wamekuja kusikiliza. Kile kipande kimepigwa kwenye chumba chenye viti tu, hata Tukuyu unavyo.

Ila kabla hujaandika nenda ukakae na watu wenyewe. Wapo waliopona wanaopenda kuongea, waulize kwanza na kama hawataki waache. Uwalipe muda wao hata kama ni nauli na chakula. Na usiende na kamera kliniki ukapiga sura za watu kwenye foleni, maana kuna ambaye mwajiri wake hajui, na siku akiogopa kuonekana hatarudi kunywa dawa.