Muziki wa filamu unaniliza tangu baba afariki: jibu kwa dada wa Moshi

Dada wa Majengo, pole sana kwa msiba. Umesema kila ukisikia muziki wa Cinema Paradiso, filamu uliyokuwa ukiitazama na marehemu baba, machozi yanakutoka hata ndani ya daladala, na unauliza kama unaumwa. Huumwi. Umefiwa.

Muziki ule aliutunga Ennio Morricone kwa filamu ya 1988 inayomhusu mtu anayerudi kwao kumzika fundi wa kuonyesha sinema, mzee aliyekuwa kama baba yake. Usishangae basi ukikugusa wewe! Sikiliza fidla zinavyoingia taratibu, sauti inapanda, inakaa kidogo, kisha inashuka. Hapo ndipo koo hubana. Nao ubongo ulishaifunga sauti ile pamoja na baba, kochi na sebule yenu, kwa hiyo vyote vinarudi kwa mkupuo.

Usiufute kwenye simu. Mimi nilipofiwa na mama, nyimbo za namna hiyo niliziwekea Jumapili jioni, mlango umefungwa, nikalia mpaka nikatosheka. Kidogo kidogo zikaanza kuniletea kicheko chake pia. Ila usizisikilize ukiendesha gari, barabara ya Arusha ina malori mengi. Ukiweza, itazame tena filamu na mama au wadogo zako. Habari za baba zitakuja zenyewe.

Kama hulali au chakula hakipiti kwa wiki kadhaa, nenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC hapo Moshi, uombe kuonana na daktari wa afya ya akili. Ukiwaza kujidhuru, nenda leo hii, na mtu akusindikize.