Mwanangu hana subira, kila kitu anataka sasa hivi

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, wa kiume ana miaka 9 na mdogo wake wa kike ana 5. Shida yangu ni huyu mkubwa, subira hana kabisa, akitaka simu anaitaka sasa hivi, ukimwambia ngoja nimalize kuongea anaanza kulialia na kubamiza milango, homuweki nayo akikutana na swali moja gumu tu kalamu chini, "siwezi". Mimi nimekua kwa tabu, nimefanya kazi tangu mdogo na mpaka leo natoka wamelala narudi wamelala, nikimwangalia huyu naona hajui kitu kinaitwa jasho. Nimemfokea, nimemnyang'anya simu, fimbo pia ameionja, wapi. Mama yake anasema atakua ataacha. Na je, nikianza kumlipa kila akiosha vyombo na kumaliza homuweki itasaidia? Baba Wawili.

JIBU: Marahaba baba. Kwanza ondoa wasiwasi, hujazaa mvivu. Ile sehemu ya mbele ya ubongo inayomzuia mtu asikurupuke inaendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu huko, kwa hiyo mkeo yuko sahihi nusu. Ila kwamba atakua ataacha tu yenyewe, hapana, watu wazima wanaobamiza milango tunawajua.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kule chuo cha Stanford, Marekani, mwanasaikolojia Walter Mischel alianza kuwajaribu watoto wa chekechea, anamwekea mtoto kitu kitamu mezani anamwambia ukingoja mpaka nirudi unapata viwili, ukishindwa kungoja, kula hicho kimoja tu. Stori hii imezunguka sana, lakini watu wanaruka pale patamu, yaani wale watoto waliongoja walifanyaje. Hawakukikodolea macho huku wamekaza meno, wengine walijifunika uso, wengine wakageukia pembeni, wengine wakajiimbia. Walikwepa kishawishi. Sasa wewe simu iko mezani inawaka waka, mtoto anapiga hesabu pembeni yake, unategemea nini? Wakati wa homuweki simu zikae chumba kingine, na ya kwako ikiwemo.

Halafu kuna hili ambalo ndio hasa nataka ulisikie. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha Rochester, hukohuko Marekani, walichapisha jaribio kama lile ila na ujanja kidogo, kabla ya kitu kitamu kila mtoto aliahidiwa vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Nusu yao waliletewa kweli, nusu wakaambiwa samahani havipo. Wale walioletewa walingoja kile kitamu kama dakika 12 kwa wastani, waliodanganywa kama dakika 3 tu. Watoto wenyewe walikuwa wachache, 28, lakini tofauti ni kubwa mno. Mtoto anapiga mahesabu kichwani, huyu mtu akisema ngoja huwa kinakuja kweli?

Jiulize baba, ukimwambia ngoja nimalize kuongea, ukimaliza inakuwaje? Wengi wetu tukikata hiyo tunapokea nyingine, mara mtoto analala, kesho mpya. Basi fanya hivi, mwambie nikikata hii simu ni yako mpaka muda fulani, ukikata tu umfuate wewe kabla hajaja kuomba, mpe. Muda ukiisha chukua, akilia alie, usimrudishie hata akibamiza nyumba nzima. Kama unajua hutampa mwambie hapana tangu mwanzo, usimwambie baadaye.

Fimbo iache. Hapo anajifunza tu kujificha, tena anakuona wewe mwenyewe umeshindwa kujizuia, sasa subira ataisoma wapi?

Kuhusu jasho, umeandika mwenyewe unatoka wamelala unarudi wamelala, ataliona saa ngapi? Anachokiona ni baba aliyechoka anafoka. Siku uko nyumbani mshike mfanye kazi pamoja, kitu kinachochukua muda, mrekebishe mlango huo anaoubamiza, akuone bisibisi inateleza unarudia, unaguna, unarudia tena. Na akisema siwezi kwenye homuweki usimfanyie wala usimwambie mbona rahisi (mimi neno hilo silipendi kabisa, kwako rahisi, kwake ameshindwa, anajiona mjinga). Mwambie nisomee swali kwa sauti, haya anza hapo unapojua. Akifika nusu msifie alivyohangaika, sio kwamba ana akili.

Malipo, vyombo hapana, anakula hapo anaosha hapo. Homuweki ndio kabisa, kuna utafiti wa 1973 ulionyesha watoto waliopenda kuchora wakiahidiwa zawadi ili wachore, baadaye hamu inapungua. Ukitaka ajue pesa mpe kiasi kidogo kwa ratiba, aweke mwenyewe, akimaliza siku ya kwanza usimwongezee.

Ila kabla hujaanza kaa na mkeo mkubaliane, maana wewe ukisema hapana halafu yeye akampa kimyakimya ili apate utulivu, kazi yote imekwenda, na huyo wa miaka 5 yuko hapo anasoma ni nani akililiwa anatoa.