Nyumba ya ufukweni karibu na jiji: ikague siku ya bamvua na saa ya foleni

Dalali anayejua kazi yake hukupeleka kuona nyumba ya kando ya maji Jumamosi asubuhi. Barabara ni tupu, upepo mwanana, maji yametulia pale yanapopendeza. Kwa saa hiyo hakuna nyumba mbaya. Ndiyo maana tunasisitiza jambo moja: nyumba ya ufukweni utakayotoka kila siku kwenda kazini ikaguliwe katika saa zake mbili mbaya, ya foleni na ya bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa kupita kiasi, kabla hujatoa hata arubuni.

Anza na saa, maji baadaye. Ukianza na maji utapenda nyumba, kisha utajidanganya kuhusu njia. Fungua programu ya ramani na upime kutoka mahali pako pa kazi hasa, si kutoka katikati ya jiji. Weka safari ya kufika saa 2 asubuhi siku ya Jumanne, kisha ya kuondoka saa 11 jioni. Hesabu mlango hadi mlango: kutembea hadi kituoni, kusubiri, kutafuta maegesho. Treni au basi likipita kila nusu saa, kulikosa kwa dakika moja kunakugharimu nusu saa nzima. Dakika 30 za ziada kila upande ni saa 5 kwa wiki ya siku tano. Kwa maoni yetu, anayekwenda kazini kila siku asivuke dakika 60. Anayekwenda mara mbili kwa wiki anaweza kuvumilia 90. Ramani ikikubali, nenda ukaisafiri njia hiyo mwenyewe, asubuhi na jioni, siku ya kazi.

Barabara za ufukweni zina tabia yake. Upande mmoja ni maji, kwa hiyo nusu ya njia za mchepuko hazipo. Kwenye rasi mara nyingi kuna njia moja tu ya kutokea, na ajali moja huifunga kwa wote. Ijumaa jioni wakazi wa jiji wanaofuata mapumziko huja kwa barabara ileile unayorudia nyumbani, kwa hiyo ipime Ijumaa pia. Angalia tena sehemu ya chini kabisa ya barabara, maana nyumba inaweza kukaa juu salama huku wewe umefungiwa ndani kwa sababu daraja dogo lililo kilomita mbili mbele limezama. Kama unategemea kivuko, uliza safari ya mwisho usiku ni saa ngapi, magari mangapi hubaki gatini saa za msongamano, na mwaka uliopita kilisimama siku ngapi kwa upepo au ukungu. Njia ya nchi kavu uipime kwa dakika pia, maana utaihitaji.

Maji nayo si ya aina moja. Bahari ya wazi ina mawimbi na chumvi. Hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, lina utulivu, lakini maji yakipwa unaweza kubaki na uwanja wa tope lenye harufu. Mtoni, epuka upande wa nje wa kona: maji hukimbia kwa kasi huko na kula kingo, huku upande wa ndani ukirundika mchanga. Ziwani, ufukwe unaopigwa na upepo wa msimu ndio hukusanya magugumaji na taka. Bwawa la kuzalisha umeme au la maji ya jiji lina hatari inayosahaulika: kiangazi kikikaza, maji hurudi nyuma na gati lako husimama juu ya matope yaliyopasuka. Uliza maji yalifika wapi katika mwaka mkavu kuliko yote wenyeji wanaoukumbuka.

Sasa bamvua. Hutokea siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na yale makubwa zaidi mara nyingi huangukia karibu na Machi na Septemba. Tazama jedwali la maji kujaa na kupwa, chagua siku yenye kimo kikubwa, ufike nusu saa kabla. Ukichelewa siku moja, katika pwani nyingi maji yatajaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana. Simama uwanjani uone maji yanakomea wapi siku isiyo na dhoruba, kisha uongeze yale ambayo jedwali halisemi: upepo unaosukuma maji kuelekea nchi kavu, mawimbi, na mgandamizo wa hewa, ambao ukishuka hektopaskali 1 (kipimo chake) bahari hupanda karibu sentimita 1.

Mpima ardhi akupe kimo cha sakafu kwa tarakimu, juu ya kiwango kilekile kinachotumika kwenye ramani za mafuriko. Usikubali jibu la “ipo juu.” Na ukisikia “mafuriko ya miaka 100,” usidhani ni jambo la wajukuu. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Katika mkopo wa miaka 30 unafika karibu asilimia 26. Sakafu iwe juu ya kimo cha mafuriko hayo kwa sentimita 30 hadi 60 angalau.

Kuta husema yale ambayo muuzaji hayasemi. Rangi mpya inayoishia magotini, plasta mpya chini tu, soketi zilizohamishwa juu, kutu kwenye bawaba za chini huku za juu ni safi: maji yamewahi kuingia. Waulize majirani wa pande zote mbili, kila mmoja peke yake.

Mmomonyoko hupimwa nyumbani, kwenye kompyuta. Tafuta picha za zamani za setilaiti za miaka 10 au zaidi. Pima kutoka kona ya jengo lisilohama hadi mstari wa mimea, si hadi maji, kwa kuwa maji huhama kila saa. Mstari ukiwa umerudi nyuma mita 12 katika miaka 15, hiyo ni sentimita 80 kwa mwaka. Nyumba iliyo mita 20 kutoka ukingoni ina miaka 25 kwenye karatasi, na ni kwenye karatasi tu, kwa sababu ardhi haiondoki kwa awamu sawa: dhoruba moja inaweza kula sehemu ya miaka mitano kwa usiku mmoja.

Ukuta wa kuzuia mawimbi usikupe amani haraka. Wimbi likiugonga hurudi na kuchimba mchanga chini ya mguu wake, na ufukwe mbele yake hupungua. Ukuta mwingi huanguka kwa kushindwa nyuma au chini: matundu ya kutolea maji yameziba, udongo uliolowa unausukuma kutoka ndani, au msingi umebaki hewani. Ukaguzi wake ufanywe maji yakiwa yamekupwa kabisa. Tembea nyuma yake pia. Vishimo vidogo vilivyotitia kwenye majani ni dalili kwamba udongo unavuja. Kabla ya yote uliza ni wa nani, na nani hulipa ukibomoka.

Kisima kiogopwe pale ambapo hakuna bomba. Maji baridi chini ya ardhi ya pwani huelea juu ya maji ya chumvi, na kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Pampu ikishusha kimo cha juu kidogo tu, chumvi hupanda kwa kasi. Onja na upime maji mwishoni mwa kiangazi, si baada ya mvua. Shimo la maji taka nalo: chimba kishimo cha mita 1.5 sehemu ya chini ya kiwanja wakati wa bamvua. Maji yakisimama karibu na uso wa ardhi, choo kitagoma kila mwezi mpevu.

Kwa nyumba za bahari, gonga zege kwa nyundo ndogo. Sauti tupu, au ufa unaofuata mstari wa nondo, ni kutu iliyovimba ndani. Nondo zifunikwe kwa zege la milimita 50 au zaidi, na uliza kama ulitumika mchanga wa baharini usiooshwa, maana chumvi yake hula nondo kutoka ndani bila kusubiri upepo. Skrubu na vyuma vya nje viwe vya pua isiyoshika kutu ya daraja la 316. Ya 304 hutoa madoa mapema. Sehemu ya nje ya kiyoyozi isuuzwe kwa maji baridi kila mwezi.

Kwenye hati, tafuta mpaka wa upande wa maji unaishia wapi. Katika nchi nyingi ufukwe, au ukanda fulani kando yake, ni mali ya umma, na gati, uzio au chumba kilichojengwa humo bila kibali kinaweza kubomolewa hata kama ulikinunua kikiwa tayari. Bima uiulizie mapema, kwa maandishi, ukitaja neno mafuriko. Bima nyingi za kawaida za nyumba hulipa bomba lililopasuka lakini si maji yaliyoingia kutoka nje. Benki inayodai bima hiyo haitatoa mkopo ukiikosa.

Na kama hesabu hizi zinakushinda katika safu ya kwanza, tazama safu ya pili au ya tatu. Nyumba iliyo mita 200 nyuma, penye mwinuko, iko dakika tatu za miguu kutoka majini, mara nyingi ni rahisi zaidi kununua na kuwekea bima, na haipati rasharasha ya mawimbi moja kwa moja. Panda ghorofani ukaone: mara nyingi maji bado yanaonekana juu ya mapaa ya jirani.