Re: Palu (malaria) imetibiwa lakini homa haiishi

Jambo dada. Kama nimekuelewa, shemeji yako alikuja likizo Kindu, huku Kongo, akarudi Bruxelles, akapatikana na palu, amemaliza dawa na homa ingali 39. Mimi niko infirmier (muuguzi) hapa Goma na hii tunaiona sana: kipimo kimoja kikitoka pozitifu basi watu wanaacha kutafuta, kumbe mtu anaweza kuwa na palu na kitu kingine pamoja.

Kwanza damu iangaliwe tena kwenye mikroskopu, si ile testi ya haraka, maana hiyo inaweza kubaki pozitifu wiki kadhaa hata vijidudu vimekwisha kufa. Kama bado viko, basi huenda dawa haijafanya kazi. Kama haviko, wafikirie tifoide: damu ioteshwe labo (iwekwe waone kama vijidudu vitakua) kabla hajapewa antibiotiki, na tafadhali wasitegemee Widali, ile testi ya damu ya tifoide, huku kwetu inatoka pozitifu hata kwa mtu mwenye afya nzuri.

Dengi nayo (homa inayoletwa na mbu), muulize alirudi lini, kama imepita zaidi ya wiki mbili kabla homa kuanza, hiyo iwekeni pembeni. Plaketi (chembe za kugandisha damu) kushuka haitawaamulia, palu pia inazishusha. Mpaka dengi iondolewe asimeze aspirini wala ibuprofeni, paracetamol tu.

Aseme pia kama aliogelea mtoni au alimhudumia mgonjwa, na wapi, madaktari wa kule hawatauliza Kindu iko namna gani. Akianza kuchanganyikiwa, kutoka damu ao macho kuwa manjano, ni urgence (dharura) usiku huohuo, msingoje majibu.